Kebo hufia kwenye kiungo: fundi wa Kigoma na umeme wa upepo baharini

HAMISI: Wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Tupo Mwanga, Kigoma mjini. Kijana mmoja aliyesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA anauliza: wale wanaounga kebo za mitambo ya upepo baharini, kazi yao ni ipi hasa, na fundi wa huku anaweza kuifikia? Dada Zuhura, wewe ndiye fundi wa kebo, hili ni lako.

ZUHURA: Langu kabisa, na nimelifurahia. Chukua mradi wa Hornsea 2, Uingereza. Mitambo 165, kilomita kama 89 kutoka pwani ya Yorkshire. Mnara mmoja unaunganishwa na mwingine kwa kebo iliyolala chini ya bahari, hadi kwenye kituo cha umeme kilichojengwa hukohuko majini. Pale transfoma inapandisha volti, ndipo umeme unasafirishwa pwani. Sasa kila kebo inapoingia mnarani, lazima mtu aivue na kuifunga kwenye swichi. Ndiyo kazi anayouliza.

HAMISI: Ya kilovolti ngapi?

ZUHURA: Miradi mingi ilijengwa kwa 33, mipya inatumia 66.

HAMISI: Thelathini na tatu si hizi hizi zetu?

ZUHURA: Hizi hizi, kaka!

HAMISI: Ugumu uko wapi basi? Si unavua, unafunga?

ZUHURA: Ugumu uko kwenye usafi. Ukishatoa koti la nje na nyaya za chuma, ndani unakuta tabaka jembamba jeusi, chini yake plastiki nyeupe nene inayozuia umeme, katikati shaba au alumini. Lile jeusi linapitisha umeme kidogo. Unalimenya upande wa ncha tu, bila kuukwaruza weupe, kisha unaupiga msasa laini mpaka uteleze. Halafu unafuta kwa kitambaa chenye dawa, kutoka kwenye cheupe kwenda kwenye cheusi. Kitambaa kikishagusa cheusi, hakirudi. Kikirudi kinapaka masizi pale ambapo umeme haukutakiwa kupita.

HAMISI: Masizi kidogo tu?

ZUHURA: Hayo hayo. Au tone la jasho, au kiputo cha hewa usichokiona. Ukiwasha, taa zinawaka na kila mtu anafurahi. Kumbe ndani kuna cheche ndogo zinaila plastiki polepole, pengine miaka, hadi siku inapopasuka. Kebo ikitoka kiwandani imeshapimwa, lakini kiungo kimetengenezwa kwa mkono, mahali penye vumbi na unyevu. Mara nyingi hapo ndipo inapofia. Ndiyo maana nakasirika nikiona fundi anaharakishwa ili umeme urudi kabla ya jioni.

HAMISI: Na kebo ya baharini ikifa, maumivu yake yanajulikana. Zanzibar ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

ZUHURA: Miezi mitatu, hoteli na hospitali zikiishi kwa jenereta! Mwaka 2013 ikapata kebo mpya ya kilovolti 132, inayobeba megawati 100. Kwa hiyo kebo za baharini tunazo, tusidhani ni mambo ya Wazungu tu.

HAMISI: Kijana aanzie wapi?

ZUHURA: Ardhini, hapahapa. Gridi ya Taifa ilifika mkoa wa Kigoma mwaka 2022, kazi ya laini na kebo ipo. Atafute leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akae chini ya fundi anayeunga kebo za 11 na 33 mpaka aaminiwe kushika kisu peke yake. Baharini watamdai pia mafunzo ya kujiokoa majini, kufanya kazi mahali pa juu, kuzima moto na huduma ya kwanza.

HAMISI: Kuogelea kwa mtoto wa Ujiji si shida.

ZUHURA: Kiingereza asikidharau. Kila seti ya kiungo inakuja na karatasi ya maelekezo yenye vipimo vya milimita, na hiyo haikisiwi. Ninacho kipande cha kebo nilichokipasua kionekane ndani. Kijana akipita hapa studio, aulizie, atakishika mwenyewe.