Kidonge Kisicho na Kichupa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie dawa za maumivu za cheti, na nitaanzia kwenye droo ya jikoni. Nyumba zetu nyingi hapa Minneapolis zinayo: vidonge vilivyobaki baada ya kung'oa jino, vingine vya shangazi aliyekuja kutembea akarudi Dar. Kichupa kimeshatupwa, vidonge vimo kwenye mfuko wa plastiki.

Kule nyumbani tumezoea kibahasha kilichoandikwa 2x3, yaani viwili kutwa mara tatu, na kibahasha kikipotea ndiyo basi. Hapa Marekani, tangu miaka ya 1990, sheria inataka karibu kila kidonge kiwe na alama. Ukiisoma pamoja na rangi, umbo na ukubwa, unajua ni dawa gani, ya nguvu gani, na nani kaitengeneza.

Tazameni hivi viwili hapa ukutani. Vyeupe vyote, virefu vyote, vyote vimechapwa IP. Sasa someni namba. IP 190 ni naproxen ya miligramu 500, dawa ya maumivu na uvimbe. Ukiinywa na njaa tumbo litawaka. IP 110 ni hydrocodone miligramu 10 pamoja na paracetamol 325. Hiyo ni jamii ya afyuni: inalegeza pumzi, na kwa mtoto mdogo kidonge kimoja tu kinaweza kuua. Tarakimu moja katikati ndiyo inayovitenganisha! Kwa hiyo washeni tochi ya simu, geuzeni pande zote mbili, na mzee ambaye macho yanamsumbua asomewe. Halafu kuna ile paracetamol iliyomo ndani: mtu anameza hiyo, anaongeza na Tylenol, ambayo ni paracetamol ileile, na ini linaelemewa.

Kilichokatwa nusu, alama haijakamilika, sihangaiki nacho. Kipelekeni kwenye boksi la kurudishia dawa.

Lakini alama haithibitishi kilichomo ndani. Mnamkumbuka Prince, mwanamuziki, aliyefariki Aprili 2016 pale Chanhassen, si mbali na hapa. Nyumbani kwake wachunguzi walikuta vidonge vyenye chapa Watson 853, chapa ya hydrocodone halali. Vilikuwa bandia, vina fentanili, dawa ya jamii ileile ya afyuni lakini kali mno. Mwaka 2018 mwendesha mashtaka wa kaunti alisema inaelekea Prince mwenyewe hakujua.

Siku hizi kinachoigwa sana ni kile cha bluu, cha mviringo, M ndani ya kisanduku upande mmoja na 30 upande wa pili: oxycodone ya miligramu 30, nayo ya jamii ya afyuni. Bandia hufanana nacho mpaka mimi mfamasia siwezi kula kiapo kwa macho tu. Mwaka 2022 maabara ya DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, ilikuta sita kati ya kila vidonge kumi bandia vya fentanili vina dozi inayoweza kuua.

Ndiyo maana mkinitumia picha WhatsApp, "dada, hii dawa gani?", nami nawauliza kwanza imetoka wapi. Ya duka la dawa, tutasoma alama. Ya rafiki au ya Snapchat, sisomi.

Mtoto akishameza, pigeni kituo cha sumu, 1-800-222-1222, wakalimani wapo. Msimtapishe. Akiwa haamki au hapumui vizuri, ni 911 moja kwa moja, na Narcan ya puani, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, kama ipo. Inauzwa bila cheti.