Kwa nini nafuga kuku waliostaafu? Nawajibu nikiwa kwa mama, Nkuhungu

Mbukwenyi Dodoma, mambo vipi wapendwa. Leo nyuma yangu sio ule uzio wa mbao mliouzoea, niko likizo, niko uani kwa mama Nkuhungu, na hiyo kelele ni jogoo, nimejaribu kumfukuza mara tatu anarudi, tuvumiliane.

Nimewasha kamera kwa sababu ya swali moja. Tangu nipandishe ile vidio ya kuku wangu watatu kule Coventry, Uingereza, wale waliotolewa kwenye mashamba ya mayai, nikifungua komenti ni lile lile, dada unachukua kuku waliochoka ili iweje? Wengine wanauliza vizuri tu, kuna mmoja kaandika "huku watoto hawana madaftari wewe unaasili kuku", sawa kaka, nimekusoma. Nikajua ni mambo ya mtandaoni, nimeshuka stendi bodaboda ananiangalia kwenye kioo, wewe si yule dada wa kuku wazee?

Haya. Najua nikisema maisha ya kule mazuri naringa, nikisema magumu "si urudi", kwa hiyo mtanisema vyovyote, nisikilizeni kwanza afu ndo mniseme.

Kwanza sikuwachukua kwa huruma. Nilikuwa natoka shifti ya usiku, kazi ya kea mnaijua, kutunza wazee na wagonjwa, naingia ndani saa mbili asubuhi nyumba kimya mpaka unasikia friji, nikawa nakumbuka hii hii sauti inayowakera hapa nyuma. Nikataka kuku uani, basi. Mtemba mpya anayekaribia kutaga bei yake niliiona nikafunga simu. Kuasili hawa waliostaafu unatoa mchango wa pauni chache. Hiyo ndo siri, ni bei.

Wanatoka wapi? Ni kuku wa mayai wa mashamba makubwa. Zile keji za zamani za kubanana zilipigwa marufuku mwaka 2012, ila keji zenyewe hazijaisha, za sasa kila kuku anatakiwa kupata sentimita za mraba 750, yaani chukua karatasi ya A4 uongezee kipande kidogo. Akifika wiki 72 hivi au akivuka kidogo bado anataga, ila sio kila siku, hesabu ya mwenye shamba haimkubali tena, wanatolewa wote kwa mkupuo waingie wapya. Sasa kuna vyama vya hisani, British Hen Welfare Trust wapo tangu 2005, wao wanakubaliana na mkulima, hawamtukani, wanachukua kuku, wanatangaza siku, unaenda na boksi lako.

Banda, vyombo vya maji, sijui nini, sitaeleza. Nianze kuwafundisha kufuga kuku watu mnaoishi barabara moja na Singida? Mtanicheka.

Ila ile siku ya kwanza naomba niisimulie. Nimefungua boksi kwenye majani, nikategemea watoke mbio kama hawa wa mama. Hakuna aliyetoka. Wamesimama mlangoni, upanga umepauka umelala upande kama kitambaa, shingo haina manyoya. Mmoja akashusha mguu, kidole kikagusa majani, akaurudisha juu akabaki nao hewani, anaangalia chini. Dakika nzima. Hajawahi kukanyaga majani toka azaliwe. Nikampigia mama vidio, anawaangalia weee, afu ananiuliza, mwanangu, mbona umenunua vishingo? Nikasema mama sio vishingo, wamenyonyoka. Akanyamaza, afu akasema wape mchicha.

Sasa mchicha. Kule kumpa kuku kitu kilichopita jikoni kwako ni kosa la kisheria. Sitanii. Ukoko wa ugali, wali uliolala, hata jani la kabichi ukishaliingiza jikoni, haliruhusiwi, labda nyumba nzima msile kabisa kitu cha mnyama. Ni mambo ya kuzuia magonjwa ya mifugo. Mchicha utoke bustanini moja kwa moja. Mama hapa kamaliza kula sasa hivi kakung'uta sahani na wanamfuata kama wanafunzi, mimi moyo unanidunda natafuta askari alipo.

Usajili pia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 England mwenye kuku hata mmoja lazima ajisajili serikalini, bure lakini lazima. Nikajaza fomu, idadi, anwani, wanalala wapi, nikapewa namba. Mimi karatasi zangu za ukaazi nahangaika nazo mwaka wa ngapi huu, nimelipa hela ambazo sitaki kuzitaja mama asikie, kuku watatu wamepewa namba hata hawajajua kupanda ngazi ya banda. Nililia nikacheka.

Afu dalali wa nyumba. Sitamtaja, hata ofisi sitaitaja. Kaniandikia barua kali mkataba wako hauruhusu mifugo, una siku 14. Nimekaa nimeishika ile barua nawaza nitawapeleka wapi. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, nampaga mayai, akaniambia kuna sheria ya mwaka 1950, ile ya mashamba madogo ya mjini, inasema mkaaji anaruhusiwa kufuga kuku majike na sungura hata kama mkataba unakataa, mradi sio biashara na asiwe kero wala hatari ya afya. Jogoo hayumo. Mwaka 1950 sisi bado Tanganyika! Nikamwandikia dalali kifungu cha 12 kama kilivyo. Akajibu mstari mmoja, asante kwa taarifa. Hata samahani hakuna.

Na huyo mzee ndo aliniponza, maana Novemba 2025 mafua ya ndege yalivyozidi ikatangazwa England nzima kuku wafungiwe. Wenye chini ya 50 wanaokula mayai wenyewe waliachwa, ila ukigawa mayai hata kwa jirani, unafungia. Nikachagua kumnyima mayai mzee wa watu, kanielewa. Kuwatoa kwenye keji afu niwafungie tena ningejionaje.

Hela. Banda nilinunua la mtu pauni 120, hiyo karibia laki nne, na mnajua laki nne hapa unajenga banda la maana. Chakula ndo usiseme. Halafu yule Bahi akaumwa, nimewapa majina Mvumi, Hombolo na Bahi, tumbo likajaa akawa anasimama wima kama bata. Kumwona daktari tu pauni 50. Ndiyo nilimpeleka, ndiyo najua mnavyosema. Kuku hawa wametengenezwa kutaga mayai kama mia tatu kwa mwaka, wa mama hapa anataga kumi na tano anaatamia anapumzika, wale hawaatamii, wanataga tu mpaka mfuko wa mayai unaharibika ndani. Daktari akasema hatopona, akachomwa sindano. Kwa hiyo sasa ni wawili, na mliouliza mbona Bahi haonekani siku hizi, ndo hivyo.

Na wewe uliyeandika "hiyo hela ungewekeza nyumbani". Niliwekeza. Nilituma ya kuku mia mbili wa mayai, hapa hapa Dodoma, kwa ndugu anayejijua. Kila Jumapili naonyeshwa banda kwenye simu, kuku wamejaa, nafurahi. Nimekuja likizo ile ya kwanza naomba kwenda kuwaona, naambiwa wamekufa kwa kideri wiki iliyopita. Wote? Wote. Banda je? Banda lilikuwa la jirani. Sasa Mvumi na Hombolo wanakula hela zangu nikiwaona kwa macho yangu.

Mimi simshauri mtu, nyie mlioko kule Uingereza mnaonifuata inboksi, kila mtu na mkataba wake, na shifti zake, na mwenye nyumba wake. Mbweha wapo mpaka mjini, ukisahau kufunga banda usiku mmoja imeisha. Na wakifika kwako wanaweza kutaga miaka miwili, wanaweza kuacha kesho.

Jana mama kaniuliza hilo hilo, na wakiacha kabisa kutaga? Nikasema watakaa tu. Akaendelea kuchambua mlenda wake. Afu akasema, hao wana bahati, mimi pensheni ya baba yako bado wananiambia faili halionekani.

Hilo nitalifanyia vidio yake, tena Jumatatu naenda naye mwenyewe. Sasa hivi ananiita nikamsaidie kumkamata huyu jogoo, leo ndo mboga. Ndiyo, nakula kuku. Msianze.