Chumvi, Upepo na Ukungu: Ngome za Parma na Chakula Chake

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumze juu ya vijiji vya kale, ngome, bustani na vyakula vya asili vya Italia, na kwa kuwa nchi ile ni kubwa na saa moja ni fupi, nitawapeleka mahali pamoja tu, nako ni Parma na jirani yake Piacenza, kati ya milima ya Apennini na mto Po. Hapa Malindi mmeishi na Waitaliano miaka mingi, wengine mmejifunza lugha yao na piza yao mnaijua, lakini Italia ya mabondeni ni nyingine na ile inayoonekana ufukweni. Hoja yangu ni kwamba mgeni anayezuru ngome asubuhi, kisha mchana akaketi kula kana kwamba chakula ni habari nyingine kabisa, huwa hajaiona vizuri ngome wala hajakielewa chakula, maana vyote viwili vilikuzwa na chumvi ileile.

Ninyi mnaotoka Gongoni na Marereni mmezoea kuiona chumvi ikivunwa kwa maji ya bahari na jua. Parma iko mbali na bahari, ila katika vilima vya Salsomaggiore kulikuwa na visima vya maji ya chumvi, masalia ya bahari ya zama za kale mno, na watu waliyateka maji yale wakayachemsha kwa kuni mpaka chumvi ikabaki. Katika enzi ambayo nyama isiyotiwa chumvi ilioza, kisima cha namna hiyo kilikuwa hazina, na ukoo wa Pallavicino, ambao jina lake liliambatana na visima hivyo kwa karne kadhaa, ulijua vyema thamani yake. Ukiona ngome nyingi zimesongamana katika eneo dogo, huku akina Pallavicino, kule akina Rossi, pale akina Sanvitale, usidhani walikuwa wakigombea mandhari.

Ngome ninayoipenda kuliko zote ni Torrechiara, iliyojengwa na Pier Maria Rossi kati ya mwaka 1448 na 1460 juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Parma. Kwa nje ina minara minne na kuta zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka, kama inavyostahili nyumba ya mtu mwenye maadui. Ndani, hata hivyo, kuna chumba kiitwacho Chumba cha Dhahabu, ambacho vigae vyake vya udongo wa kuchoma vilikuwa vimepakwa dhahabu, na dari lake, ambalo michoro yake huhesabiwa kuwa kazi ya Benedetto Bembo, linamwonyesha Bianca Pellegrini, mpenzi wa bwana huyo, amevaa kama hujaji, akipita ngome moja baada ya nyingine kumtafuta. Wapenzi wa mashairi huona hapo mahaba, nami siwakatalii. Lakini tazameni tena: zile ngome anazozipita ni mali ya Rossi, zimechorwa moja moja, kwa hiyo dari la mahaba ni orodha ya mali pia.

Chini ya ngome hiyo, katika mji wa Langhirano na viunga vyake, hukaushwa paja la nguruwe liitwalo prosciutto. Najua kwamba wengi ukumbini hamli nyama hiyo, wala sikuja kuwashawishi. Nawaomba mnisikilize kama fundi anavyosikiliza habari za fundi mwenzake, kwa kuwa anayejua ng'onda ameshajua nusu ya somo. Paja husuguliwa chumvi na fundi maalumu, likakaa katika baridi, kisha likatundikwa katika vyumba vyenye madirisha marefu membamba, yaliyoelekezwa kwa makusudi yapokee upepo unaoteremka kutoka milimani. Hakiongezwi kitu kingine cha kuhifadhia, na zaidi ya mwaka hupita kabla ya kuliwa. Kanuni zinasema kwamba kazi hiyo ifanyike kati ya mito Enza na Stirone, si juu ya mita 900, na ianzie angalau kilomita 5 kusini mwa Via Emilia, barabara ambayo Warumi waliijenga mwaka 187 kabla ya Kristo. Barabara ya miaka zaidi ya elfu mbili bado inaamua ni wapi nyama ikaushwe.

Vukeni sasa barabara hiyo kuelekea kaskazini. Upepo unakoma, ardhi inalala tambarare mpaka mto Po, na majira ya baridi ukungu unashuka mzito hata mtu asione nyumba ya jirani. Hapo paja zima haliwezi kukauka vizuri, kwa hiyo watu wa Zibello hutoa mnofu wa nyuma peke yake, wakautia ndani ya kibofu, wakaufunga kamba mpaka ukafanana na pea, kisha wakauacha katika ghala la chini ambalo madirisha yake hufunguliwa ili ukungu uingie. Huitwa culatello. Kile ambacho mgeni hukiona kuwa hali mbaya ya hewa, wao wamekifanya kiungo.

Katika nyanda hizohizo kuna Fontanellato, ambako ngome ya Sanvitale imezungukwa na handaki lenye maji hadi leo, na ndani yake kuna chumba kidogo alichokichora Parmigianino mwaka 1524, akiwa kijana bado: mwindaji Aktaioni wa hekaya za Kigiriki anageuzwa paa na kuliwa na mbwa wake mwenyewe. Karibu na mji huo, mchapishaji Franco Maria Ricci alifungua mwaka 2015 bustani ya vichochoro vya kupotezana, iliyopandwa mianzi ipatayo 200,000. Bustani za watawala kule Colorno ni pana na zimepangwa kwa rula. Kwangu mimi zinachosha baada ya nusu saa.

Jibini la Parmigiano Reggiano nitalitaja kwa haraka. Gurudumu moja la kilo 40 hivi hula maziwa yapatayo lita 550, hutumbukizwa majini yenye chumvi kwa wiki kadhaa, na halihesabiwi kuwa tayari kabla ya miezi 12, ambapo mkaguzi huligonga kwa nyundo ndogo akisikiliza kama ndani kuna ufa. Hugandishwa kwa kigandishio cha tumbo la ndama, kwa hiyo mwenye kushika dini aulize kwanza.

Kuhusu vijiji, nawaonya jambo moja. Grazzano Visconti kunapendeza mno, na ngome yake ni ya kale kweli, lakini nyumba za kijiji zilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mtindo wa zama za kati. Furahieni, ila mjue mnachokitazama. Anayetaka kijiji chenye umri wake halisi apande Castell'Arquato, ambako jumba la utawala la mwaka 1293, kanisa na ngome ya karne ya 14 vinatazamana juu ya uwanja mmoja, kisha aagize torta fritta, unga uliokaangwa ukavimba, ambao Mswahili yeyote angeuita andazi lisilo na sukari. Aulize tu limekaangwa kwa mafuta gani, maana desturi yao ni mafuta ya nguruwe.

Tumalizie Langhirano. Paja likiiva, mkaguzi hulichoma mahali patano kwa sindano ya mfupa wa farasi, kwa kuwa mfupa huo hunyonya harufu upesi na kuiachia upesi, naye hunusa kila mara kabla ya kuchoma tena. Likimridhisha, ngozi hupigwa chapa ya moto yenye taji la ncha tano, taji la makabaila wa Parma. Dola yao ilimezwa na Italia iliyokuwa ikiungana, mwaka 1860. Taji linaendelea kupigwa.