Wayo Bapa Si Lazima Uwe Wayo Dhaifu

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini mbele ya wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wahudumu wa afya)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, vijana wa mwaloni, karibuni.

Vueni viatu. Lowesha wayo, kanyaga sakafu kavu, tazama alama. Ikijaa yote toka kisigino hadi vidoleni, wayo wako ni bapa. Kukiwa na mkanda mwembamba katikati, au pakiwa patupu kabisa, upinde wako uko juu. Wengi wenu mko baina ya hayo mawili.

Hapa ndipo watu wanapopotoshwa. Alama ikijaa, mtu anaambiwa misuli yake imelegea, anauziwa soli ya kunyanyua upinde. Alama ile haipimi msuli. Inaonyesha mifupa ilivyopangika, na hata nyama: mtu mnene huacha alama pana.

Wayo una mifupa 26. Upinde hushikiliwa na namna mifupa hiyo ilivyoingiliana, na utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole, pamoja na misuli. Misuli yenyewe ni ya aina mbili: mifupi iliyo ndani ya wayo tu, na mirefu inayoshuka kutoka mguuni. Vipimo vya ultrasaundi vimeonyesha kuwa kwenye nyayo bapa, ule msuli mfupi wa ubavuni unaoelekea kidole gumba huwa mdogo kwa wastani, ilhali mirefu inayokunja vidole huwa minene, kana kwamba inaufidia. Ila nguvu ya vidole ikipimwa yenyewe, tafiti hazikubaliani. Kwa hiyo usikisie kwa kutazama umbo, pima.

Kaa kwenye kiti, goti likunjwe pembe mraba. Weka kipande cha karatasi chini ya kidole gumba, mwenzako akivute wewe ukikandamiza. Kikichomoka bila shida, kidole ni dhaifu. Usidanganye kwa kunyanyua kisigino.

Kisha simama kwa mguu mmoja, ncha za vidole vya mkono ukutani, goti limenyooka, unyanyue kisigino juu na kukishusha. Kijana mzima hufikisha 20 na zaidi. Umri ukienda idadi hupungua. Anayekutazama kwa nyuma aangalie kisigino: kikipanda kinapaswa kuelekea ndani. Kisipogeuka, au ukishindwa hata mara moja, na ubavu wa ndani wa kifundo unauma, kano inayoshika upinde huenda imeharibika. Wayo mmoja ulioanza kubonyea ukubwani ni wa kupelekwa hospitali. Mazoezi peke yake hayautoshi.

Zoezi la kuimarisha ile misuli mifupi ni dogo na linakosewa sana. Ukiwa umekaa, wayo wote chini, vuta mzizi wa kidole gumba kuelekea kisigino ili upinde upande kidogo. Shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10, mizunguko 3 kwa siku. Vidole vikijikunja, misuli mirefu imeiba kazi. Gusa chini ya upinde: msuli ukikaza kidoleni mwako, umepatia. Ukizoea, fanya ukiwa umesimama, halafu kwa mguu mmoja. Nguvu huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Upinde wenyewe huenda usipande kwa macho, na hilo lisikusumbue.

Mama mmoja ameuliza kuhusu kutembea peku mchangani, pale ufukweni Kibirizi. Kwa mwenye miguu mizima ni kazi nzuri kwa vidole. Anza dakika chache, maana shavu la mguu litauma. Mwenye kisukari asithubutu. Kisukari huua fahamu za miguuni, misuli mifupi husinyaa, vidole hujikunja kama makucha, na mchanga wa saa saba unamuunguza pasipo yeye kujua, sembuse ndoano iliyofukiwa.

Na kandambili? Zinakulazimisha ubane vidole kila hatua zisikuchomoke. Kwa safari ndefu, katambuga yenye mkanda wa nyuma ni afadhali.