Kuku Hana Mdomo, Ana Miguu

Habari za mchana, ndugu zangu wafugaji na wanafunzi. Nianze na methali ambayo wote tumekua nayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Haifichi kitu, sivyo? Inasema waziwazi nani anahesabika. Mimi swali langu ni dogo: kabla hajafa, huyo punda alikuwa anajisikiaje? Na wewe utajuaje?

Mtaniambia, “mtazame usoni.” Sawa, lakini punda ni fundi wa kuficha. Farasi akiumwa tumbo hugaagaa chini. Punda mara nyingi huinamisha kichwa tu, hujitenga, huacha kula. Mwenyewe anapita anasema, “leo kaamka na uvivu.”

Wala usifikiri ni sisi wa mtaani tu tunaokosea. Mwaka 1965 huko Uingereza, kamati ya Profesa Brambell ilitoa ripoti juu ya mifugo inayofugwa kwa kubanwa ndani. Ripoti nzuri, mengi ya ustawi wa wanyama yameanzia pale. Lakini kwa kuku wa vizimbani walishauri ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita usitumike sakafuni. Kwa jicho la binadamu, waya mwembamba utaumiza miguu; bora waya mnene. Nani angebisha?

Mwaka 1973 watafiti wawili, Hughes na Black, wakawauliza kuku wenyewe. Waliwawekea sakafu tofauti, wakawaacha wachague. Kuku wakaenda kusimama kwenye wavu mwembamba! Ukiutazama unyayo kwa chini unaelewa: nyaya za wavu ule zimekaribiana, kwa hiyo zinaubeba unyayo sehemu nyingi.

Lakini tusishangilie mapema. Kuku kachagua kati ya waya na waya. Mchanga wa kuogea hakupewa. Tena kuchagua si kufaidika. Mweke mtoto mbele ya soda na uji, uone. Ndiyo maana watafiti wa baadaye wakaongeza gharama: kuku asukume mlango mzito kufikia anachotaka, ndipo ujue anakitaka kiasi gani.

Kuhusu hisia zenyewe, jaribio ninalolipenda ni la panya, Chuo Kikuu cha Bristol, 2004. Panya walifundishwa kwamba mlio mmoja ukisikika, bonyeza upate chakula. Mwingine ukisikika, usibonyeze, utapigiwa kelele. Kisha wakasikilizishwa mlio wa katikati, usiojulikana ni upi. Waliokuwa wakivurugiwa makazi kila mara, leo matandazo yameloweshwa, kesho kizimba kimeinamishwa, walisitasita kubonyeza kuliko wenzao waliotulia. Yaani panya aliyeishi kwa wasiwasi hatarajii jema. Sisemi ana huzuni kama yangu. Hilo jaribio halikulipima. Ila hali aliyomo inaonekana katika anachokitarajia, na hicho kinapimika.

Sasa turudi kwa punda wako. Kesho asubuhi, kabla ya kumfunga shogi, yaani kile kikapu cha mizigo cha mgongoni, shika tandiko mkononi, simama hatua kumi kutoka kwake, usimwite. Tazama masikio, tazama anaelekea wapi. Keshokutwa simama palepale, saa ileile, mikono mitupu. Rudia siku kadhaa, uandike. Halafu lipapase tandiko kwa ndani, pale linapokaa juu ya uti wa mgongo, na umpapase na yeye palepale.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.