Kutulia Kunaanzia Puani

Haya, tuendelee. Anayenionyesha saa nimemwona.

Nimelisema hili Temeke, nimelisema Mbagala, leo nalirudia hapa Ilala: ukitaka harufu ya mmea ikutulize, nusa. Usiyanywe mafuta, na moshi si utulivu.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwavutisha panya hewa yenye linaloli, kemikali ya harufu iliyomo kwenye mimea. Linaloli imo kwenye lavenda, imo kwenye mrehani, na hata kwenye asumini ya kikuba. Panya mnamjua, mwanga haupendi, hujibanza gizani. Hawa wakaanza kutoka na kuzurura mwangani! Wala miguu haikulegea, hawakulewa. Subirini, utamu unakuja. Wakachukuliwa panya wengine, wakaharibiwa uwezo wa kunusa, wakapewa hewa ileile. Mapafu yanavuta kama kawaida, lakini hofu iko palepale. Kisha panya wazima wakapewa dawa inayoziba vipokezi vya ubongo ambavyo diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, huvitumia. Utulivu ukatoweka. Kwa hiyo pua inapeleka habari, ubongo unajituliza wenyewe.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Sisi si panya." Sawa. Yapo majaribio ya watu waliosubiri daktari wa meno huku wakinusa lavenda, na wasiwasi ukapungua. Ila utamfichaje mtu harufu asijue ananusa nini? Huenda nusu ya kazi inafanywa na imani yake. Basi anayekuuzia kichupa akidai kinaponya presha, mpite. Vidonge vyako meza.

Mwingine atasema bibi zetu walifukiza udi na wakazeeka vizuri. Bibi yako alikuwa na dirisha la mbao na matundu juu ya mlango! Wewe umefunga vioo, umewasha AC, chetezo kipo pembeni ya kitanda na makaa yanawaka. Makaa yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, na inamuua mtu usingizini. Fukiza nguo zako dirisha likiwa wazi, toa chetezo nje, ndipo ulale.

Langilangi na mchaichai nilikuwa nimeviandaa, muda haupo. Haraka haraka: tone moja kwenye kitambaa linatosha, mafuta makali yasiguse ngozi yakiwa matupu, na mwenye pumu ajihadhari, harufu kali inaweza kumbana kifua.

Mama mwenye mtandio wa kijani, karibu. Swali, mama, si hotuba.