Presha Haipigi Hodi

(Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, baina ya Magharibi na Isha)

Assalaam alaykum. Bwana sheha, wazee wangu, na nyinyi mama zangu mlioko kule nyuma, sogeeni mbele, huku hakuna anayeng'ata. Nimeambiwa nizungumze juu ya maradhi ya moyo: yanatokana na nini, yanagunduliwaje, yanazuiwaje. Mada pana hiyo, na Isha haitungoji. Wanaonijua wanajua nitakapoishia. Kila nikisimama nasema presha. Mwanangu ananambia, "Mama, watu wameshachoka." Basi na wachoke. Siku watu watakapokwenda kupimwa hali wazima, mie nitakaa nyumbani nisuke makawa yangu.

Nikiuliza hapa nani ana presha, mikono michache itanyooka. Nikiuliza umejuaje, jawabu ni moja tu: "Kichwa kilikuwa kinaniuma." Hapo ndipo damu yangu mie inapopanda.

Nitakuhadithieni kisa. Walionisikia Chake na Mkoani wanakijua, wanivumilie.

Mwaka 1944 rais wa Marekani alikuwa Franklin Roosevelt. Ana majeshi, ana manowari, ana daktari wake mwenyewe, Ross McIntire. Fani ya daktari huyo ilikuwa masikio, pua na koo. Rais anakohoa, anachoka, pumzi fupi; daktari anasema kifua, mafua, yatapita. Mpaka bintiye mwenyewe akashikilia. Mwezi wa Machi akapelekwa hospitali ya wanamaji, akaonwa na bingwa wa moyo, kijana tu, Howard Bruenn. Presha 186 juu ya 108, na kuanzia 140 juu ya 90 mtu tayari ana presha. Moyo umetanuka, mapafu yana maji. Na wala haikupanda siku ile! Mwaka 1937 walikuwa wameshampima, 162 juu ya 98. Ikaandikwa, ikafungiwa kabatini.

Lakini msimcheke McIntire mapema. Zama zile madaktari wengi waliamini mtu akizeeka mishipa inakakamaa, basi presha sharti ipande ili damu ifike kichwani. Ukiishusha, umemdhuru. Hata jina la kitaalamu waliloipa lilikuwa na maana ya presha ya lazima. Na dawa ya maana haikuwepo. Bruenn akampa dawa iitwayo digitali ya kuupa moyo nguvu, akampunguzia chumvi na sigara, akamwambia apumzike. Apumzike na vita vile?

Tarehe 12 Aprili 1945 rais yuko Warm Springs, jimbo la Georgia, kakaa kitini anachorwa picha. Akashika kisogo, akasema kichwa kinamuuma vibaya. Akazimia. Walipompima ilikuwa 300 juu ya 190. Narudia, maana yuko mtu hapa anaangalia simu: 300 juu ya 190. Baada ya saa mbili na ushei kafariki, umri wake miaka 63. Mshipa umepasuka kichwani. Na McIntire akasema jambo lile limekuja ghafla.

Ghafla! Neno hilo nalichukia. Kila nikienda mazikoni nalikuta limekaa mkekani kabla yangu. "Kafa ghafla, jana tulikuwa naye barazani anakunywa kahawa." Yule rais alikuwa na miaka minane ya maandishi. Na kichwa, eti, kilimuuma: saa ile anayokufa. Sasa weye unayengoja kichwa kiume ndio ukapime, unangoja nini hasa?

Kilichofuata ndicho nilichotaka mkisikie. Mwaka 1948 serikali yao ikatunga sheria na kutoa fedha za utafiti wa moyo. Watafiti wakaenda mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, wakaandikisha watu 5,209, wanawake na wanaume, wenye umri wa miaka 30 mpaka 62. Sio wagonjwa. Watu wanaokwenda kazini, wanaogombana na wake zao. Kila baada ya miaka miwili wanaitwa: presha, damu, mkojo, umeme wa moyo, unavuta sigara, huvuti. Halafu wanaachwa waende zao. Yaani utafiti wenyewe ulikuwa kusubiri. Daktari anasubiri nani ataanguka, kisha anafungua daftari kuangalia mtu huyu miaka sita nyuma alikuwaje. Mwaka 1961 wakatoa matokeo: walioanguka walikuwa wameshaonesha alama kabla, presha iliyopanda, lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu, moyo ulionenepa. Wenyewe hawana habari, wanakula na kulala. Leo watafiti wamefika kwa watoto na wajukuu wa watu wale.

Moyo kunenepa, mtu atasema si ndio nguvu? Hapana yakhe. Chukua pampu ya maji, kisha ubane mpira. Pampu itanguruma, itasukuma, maji yatakwenda. Leo yatakwenda. Muulize fundi itafika mwaka wa ngapi. Moyo ni nyama, ukisukuma kwa shida unajaza musuli kama mchukuzi wa bandarini, kisha unachoka, unalegea, unatanuka, ndipo miguu inavimba na mtu halali mpaka awekewe mito mitatu.

Sasa na mimi nijiseme. Nilikuwa nesi kijana, hospitali siitaji. Wodi ina wagonjwa arubaini, mashine ya presha moja, mkanda wake unavuja upepo. Asubuhi ukichukua karatasi za vipimo, kila kitanda 120 juu ya 80. Kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, kama wagonjwa wote mama yao mmoja. Tulikuwa tunaandika tu. Nami niliandika. Na nyumbani mamangu mzazi sikumpima hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kulalamika. Siku hiyo alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kifuu kikamtoka mkononi, kikabingirika mpaka mlangoni. Akacheka. Akajaribu kuniita, jina langu likatoka nusu. Majirani wakasema ni upepo mbaya, apelekwe kwa fundi, yaani mganga. Mie nesi, nimesoma, nikakubali kungoja mpaka asubuhi. Kiharusi kina saa zake, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kianze, ukivuka hapo huipati. Yeye tulimlaza na kombe la zafarani. Aliishi miaka sita mingine, mkono wa kulia hakuutumia tena.

Basi nikisema sana, mniwie radhi.

Najua linalokuja. Mzee mmoja kule dirishani kila mwaka ananiuliza: "Na kadari je?" Mzee wangu, dau lako likiingiza maji unalitia kalafati ufukweni, au unatweka tanga ukasema kadari? Nawaona hapa Wete, pamba mkononi, wanagonga mbao wiki nzima. Mwili wako ndio usitiwe kalafati?

Mwingine atasema, "Babu yangu alikula ng'onda, samaki wa chumvi, maisha yake yote, kafa na miaka tisini." Kweli. Lakini babu yako alitoka Kojani kwa kasia na akapanda mikarafuu kwa miguu yake, weye ukienda dukani unaita bodaboda. Halafu yule babu aliyekula ng'onda akafa na hamsini, nani anamhadithia? Hana hata wajukuu wanaomkumbuka.

Na hili la dawa: "Nikianza, siachi." Ndio, huachi! Wali umeacha lini? Mwaka 1967 daktari mmoja Marekani, Edward Freis, alichapisha jaribio lake na wenzake. Wanaume 143 wenye presha kubwa mno, 73 wakapewa dawa, 70 wakapewa vidonge visivyo na kitu. Katika wale wa vidonge vitupu, 27 wakapata misiba, mishipa kupasuka, moyo kushindwa, wengine kufa. Kwa waliopata dawa, wawili. Wawili! Wengi wenu mnameza mwezi mmoja, mnapimwa, imeshuka, mnasema nimepona. Imeshuka kwa sababu unameza.

Kupima. Mrusi mmoja, Korotkov, daktari wa jeshi, mwaka 1905 alieleza kwamba ukifunga mkanda mkononi, ukaubana mpaka damu isimame, kisha ukaachia pole pole huku stetoskopu iko kwenye kiwiko, utasikia tu, tu, tu, kisha kimya. Sauti ya kwanza ndio namba ya juu, ikikatika ndio ya chini. Taarifa yake haikujaa hata ukurasa mmoja. Lakini sie hata hilo tunaliharibu. Mtu kapanda kilima, kafika anahema, anafungwa mkanda juu ya mkono wa kanzu, huku anaulizwa habari za nyumbani. Kaa dakika tano kwanza. Mkojo umeshatoka, kahawa na sigara umeziacha tangu nusu saa nyuma. Mgongo uegemee, miguu chini usiipandanishe, mkono ulale mezani usawa wa moyo, ngozi tupu, na mdomo ufungwe, wako na wa anayekupima. Mnene apate mkanda mpana, ukimbana atasomeka ana presha asiyokuwa nayo. Rudia mara mbili. Ikikutwa 140 juu ya 90 na kuendelea, siku tofauti tofauti, hiyo presha, hata kama unajisikia kucheza mpira.

Sheha ananionesha saa. Chumvi basi, kwa mbio. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai, yote, pamoja na ya kwenye mkate na ng'onda. Uchina walibadilisha robo ya chumvi ya kawaida wakaweka ya potasiamu, vijiji 600, watu karibu 21,000, matokeo yakatoka 2021: kiharusi kikapungua kwa asilimia 14. Mwenye maradhi ya figo asijaribu bila daktari. Na msiniulize habari za madafu.

La koo la watoto nilitaka kulipa nusu saa, nalo limekufa. Mtoto akiumwa koo na homa, apelekwe, asisuguliwe ndimu tu. Bakteria wa koo anaweza kuuharibu moyo, valvu zake, yaani vilango vya damu, zikaja kuvuja ukubwani. Aliyekwisha kupata homa ya viungo inayofuata koo hilo anachomwa penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Miaka, mama zangu. Nitarudi kwa hilo peke yake, sheha akinipa siku.

Mashine iko mezani, na aanze mkubwa wetu. Bwana sheha, koti uvue. Na mkono wa kanzu upandishe. Miguu chini, zote mbili. Dakika tano tunakungoja, na usiseme nao, wewe na ulimi wako nakujua.